Mwanangu hasemi neno shuleni, na mamangu anataka nimrudishe Voi

SWALI

Hujambo mshauri. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu, na tangu shule zifunguliwe Januari nyumba yangu haina amani.

Mtoto huyu amelelewa na mamangu huko Voi. Nilimpeleka kabla hajatimiza mwaka kwa sababu mimi na mume wangu tulikuwa tunakaa chumba kimoja Mukuru na sote tulikuwa kazini. Hakukuwa na mtu wa kumwachia, na yaya hatungemudu. Nilikuwa naenda kumwona Krismasi na Pasaka, wakati mwingine Agosti. Mwaka jana mambo yalinyooka kidogo, tukahamia hapa Pipeline, nyumba ya chumba kimoja cha kulala, orofa ya nne. Tukaona ni wakati mtoto akae na wazazi wake na aanze PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Nairobi. Desemba nikaenda kumchukua, tukaja na treni ya SGR, na njiani alifurahi sana.

Shule ni akademi ndogo karibu na steji. Karo tunajikaza tu, lakini majirani waliisifu kwamba watoto hushika Kiingereza mapema. Siku ya kwanza alienda vizuri kwa sababu ya begi na sare mpya. Siku ya pili alishika mlango wetu wa chuma kwa mikono miwili mpaka baba yake akambandua vidole kimoja kimoja. Tangu hapo ni kilio kila asubuhi, kuanzia orofa ya nne hadi chini. Mwalimu aliniambia nikimfikisha nisimuage, nitoroke akiwa ameangalia kando, kwamba watoto hunyamaza mama akishaondoka. Ndivyo ninavyofanya, lakini namsikia hadi barabarani.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba shuleni hasemi kabisa. Mwalimu anasema hajawahi kutamka neno, hata jina lake. Haombi kwenda chooni, kwa hivyo anajikojolea, na siku hizi hata usiku analowesha kitanda ilhali Voi alikuwa ameshaacha. Wiki jana mwalimu aliniita akaniambia huenda mtoto ni mzito wa kuelewa, akapendekeza arudishwe pleigrupu na wale wa miaka mitatu. Nilitoka pale miguu imeniisha nguvu.

Nyumbani si bubu! Si msemaji sana, lakini anaongea, anachanganya Kiswahili na Kitaita cha nyanya yake. Jioni hucheza peke yake na vifuniko vya soda alivyokuja navyo kutoka Voi. Huvipanga mistari sakafuni kama darasa kisha huvifokea kwa sauti ya mwalimu, "Kaeni chini! Kimya!" Kifuniko kimoja hukiweka kando, chini ya kiti. Nikimwuliza huyo ni nani hanijibu.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Mtoto huyu akianguka au akiumia haji kwangu. Hukaa pale pale alipoangukia, akalia peke yake hadi anyamaze. Mimi ndiye niliyemzaa, lakini hunitazama kama mgeni aliyemtoa kwao. Akiongea na nyanya yake kwa simu hulia hadi usiku, kwa hivyo mume wangu akasema simu zikome kwanza.

Mume wangu anaona mtoto amedekezwa. Anasema samaki mkunje angali mbichi, na juzi alimchapa kwa kujikojolea, tukakosana. Mamangu naye hunipigia akisema, "Nirudishie mtoto wangu, mmeshindwa. Atakuja huko akifika Gredi ya 1." Dada yangu anasema niache kazi nikae naye. Mimi ni keshia wa supamaketi, naingia saa mbili asubuhi, na mshahara wangu ndio unaolipa nyumba. Mtoto huchukuliwa shuleni na jirani, na jirani akiwa na shughuli humtuma binti yake, au bodaboda wetu.

Naogopa nikimrudisha Voi sitampata tena kama mwanangu, na nikimkalisha hapa nitamharibu. Nifanye nini?

Mama, Pipeline

JIBU

Mama, pole sana. Umeniuliza kuhusu shule, lakini katikati ya barua yako kuna jambo uliloandika kwamba hujamwambia mtu. Niruhusu nianzie hapo.

Mtoto wa umri huo akiumia humkimbilia yule ambaye amekuwa akija kila alipolia. Kwa zaidi ya miaka mitatu, huyo alikuwa mamako. Hayo si mashtaka dhidi yako. Ulikuwa Mukuru, chumba kimoja, wote kazini, ukampeleka mahali ambapo angelala ameshiba na kupendwa. Wazazi wengi mno wa Nairobi wamefanya hivyo, na wanabeba uchungu huo kimya kama wewe. Mwanao hakuchukii. Bado hajui kama wewe ni mtu wa kumlilia.

Hilo hujengwa, ila halijengwi kwa kumkumbusha kwamba wewe ndiye mama yake. Akianguka, usimngoje aje, nenda wewe. Chuchumaa kando yake, usimharakishe kunyamaza, mwambie, "Umeumia goti. Niko hapa." Akikugeuzia mgongo, kaa papo hapo. Huenda itachukua muda kabla hajakuegemea, na nafikiri siku atakayokuegemea, nusu ya mambo ya shule yatakuwa yamebadilika pia.

Maana tazama mambo yalivyofuatana. Desemba aliondolewa kwa aliyemlea, kwenye nyumba ambayo nadhani alikuwa akifungua mlango anatoka nje, akaja orofa ya nne kwa watu wawili aliowajua kwa likizo. Kabla hajawazoea hao wawili, Januari wakaanza kumwacha kila asubuhi mahali pengine tena. Kwetu watu wazima kuhama ni jambo moja na kuanza shule ni lingine. Kwake ni kuachwa kusikokoma. Kilio kinasikika shuleni kwa sababu ndiko anakoachwa, lakini sina hakika kwamba kimeanzia shuleni.

Sasa nije kwa vifuniko vya soda, ambavyo nimevifikiria kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Sijamwona mwanao na siwezi kumpima kwa barua. Lakini mtoto anayepanga darasa kwa mistari, akashika sauti ya mwalimu na maneno yake, akajua nani anaketi na nani ananyamaza, huyo anatazama na anaelewa mengi. Mwalimu anaona mtoto asiyejibu. Wewe unamwona saa ambazo mwalimu hayupo, kwa hivyo ushahidi wako una uzito, na usiogope kumpelekea.

Kile kifuniko kilicho chini ya kiti sitajifanya najua ni nani. Huenda ni yeye. Huenda anakalishwa peke yake anapojilowesha, au wenzake humcheka. Huenda ni mtoto mwingine aliyemwonea huruma. Ningekuomba uache kumwuliza, kwa maana swali la moja kwa moja humfunga mdomo mtoto wa aina hii. Keti sakafuni, umwombe kifuniko kimoja kiwe chako, na umwache yeye aamrishe mchezo. Akikuambia "kaa chini", kaa. Siku nyingine kifuniko chako kimwambie mwalimu, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," uone mwalimu huyo mdogo atajibu nini. Unaweza kupata habari ambazo hungezipata kwa maswali ya mwezi mzima, na yeye atakuwa amesikia sentensi anayoihitaji ikisemwa bila mtu kuchapwa.

Kuhusu kunyamaza kwenyewe, mtoto wako ana Kitaita na Kiswahili cha Voi, naye amewekwa katika darasa linalosifiwa kwa Kiingereza, kati ya watoto wanaocheza kwa Sheng. Watoto wengi wanaoingia katika lugha mpya hupitia kipindi cha kusikiliza tu. Sera yetu ya elimu inataka watoto wa chekechea na madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika miji kama Nairobi hiyo kwa kawaida ni Kiswahili, ingawa akademi nyingi hufuata Kiingereza kwa sababu wazazi ndicho wanachokitaka. Huna kosa kwa kukitaka. Nakuuliza tu kama Kiingereza cha mapema bado kina umuhimu uleule kwako, sasa unapojua kwamba mtoto hajaweza kuomba choo kwa lugha yoyote.

Wataalamu hawahesabu kimya cha mwezi wa kwanza wa shule kuwa tatizo. Kikiendelea sana baada ya hapo, na mtoto anaongea vizuri nyumbani, huwa wanataka kumwona, kwa sababu woga wa kusema mbele ya watu hutibika vyema zaidi ukishughulikiwa mapema. Nanyi mwezi wa kwanza mmeupita. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali nawe. Anza na mkojo, maana mtoto aliyekuwa ameacha kulowesha kitanda kisha akarudia anafaa kupimwa, asije akawa na maambukizi. Ukiwa hapo omba masikio yachunguzwe pia, na ueleze kuhusu kimya cha shuleni. Mkojo ukitoka safi, ujue kwamba watoto wengi wadogo hurudi nyuma hivi baada ya mabadiliko makubwa, na hutulia wakitulizwa.

Mwalimu usimfanye adui. Amebeba watoto wengi, na ushauri wa kutoroka aliutoa kwa nia njema. Ni kweli watoto wengi hunyamaza muda mfupi baada ya mzazi kuondoka. Ila mwanao tayari ana sababu ya kuamini kwamba watu wake hutoweka, na kila asubuhi inamthibitishia hivyo. Jaribu kumuaga. Maneno machache, yale yale kila siku: unakwenda kazini, atakunywa uji, atacheza, atakula, halafu fulani atakuja kumchukua. Hajui saa, anajua uji. Kisha uondoke kweli, usirudi mlangoni kuchungulia. Siku za kwanza atalia zaidi, ujiandae. Na huyo fulani ningependa awe mtu mmoja. Leo jirani, kesho binti yake, keshokutwa bodaboda, ni mengi kwa mtoto anayejiuliza kama kuna mtu atakuja kabisa.

Mwombe mwalimu muda darasa likishatoka, usiongee naye mlangoni mtoto akisikia. Mwulize anaketi wapi na nani. Mwulize choo kiko wapi, kama kina giza, kama watoto wakubwa hukitumia pia. Mnaweza kukubaliana awapeleke wadogo kwa saa maalumu bila mtu kuomba, au mwanao aonyeshe ishara ya mkono. Mwulize kwa upole pia mtoto akijikojolea hufanywaje. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au akilini, kwa hivyo una haki ya kuuliza bila kuomba radhi. Jinsi atakavyokujibu itakusaidia kuliko ushauri wangu kuamua kama shule hiyo inafaa.

Pleigrupu sioni kama aibu. PP1 na PP2 hazina mtihani wa kitaifa, Gredi ya 1 huanza akiwa na miaka sita, na muda upo. Lakini akishushwa sasa atabadilishiwa mwalimu na wenzake tena, na kimya kile kile kinaweza kumfuata. Kumhamishia chekechea ya shule ya umma nako kunawezekana. Elimu hiyo iko chini ya kaunti, na Nairobi ina mpango wa chakula wa Dishi na County ulioanza 2023 ambao mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Mfuko ungepumua, pengine Kiswahili kingesikika zaidi, ila madarasa ya umma mara nyingi hujaa, na mtoto asiyesema hupotea kwa urahisi kwenye umati. Ukifikiria njia hiyo, nenda ukaone darasa lenyewe kwa macho yako. Kuhusu kuacha kazi, dada yako anakupenda, lakini mshahara huo ndio unaolipa nyumba, na mtoto atahisi wasiwasi wa kodi hata bila kuambiwa. Kwanza mwulize meneja wako kama kuna zamu itakayokuwezesha kumchukua mwenyewe hata siku mbili kwa wiki.

Voi ndiko kugumu. Mamako hasemi upuuzi. Huko mtoto angelala vizuri, angeongea, pengine angeacha kulowesha kitanda. Hatari ni kwamba atakuwa ameachishwa nyumba mara mbili kwa mwaka mmoja, na atakaporudi kwa Gredi ya 1 mtaanza upya, akiwa mkubwa zaidi, na darasa lisilongoja. Na wewe mwenyewe umesema unaogopa hutampata tena. Sitapuuza hofu hiyo wala sitasema ni sababu tosha ya kumkalisha. Jiulize ukiwa umetulia: kati ya sababu zako za kumkalisha, zipi ni zake na zipi ni zako? Zote zina haki ya kuwepo, mradi uzijue.

Nyote mnazungumza juu ya mtoto kwenda kwa nyanya. Je, nyanya anaweza kuja? Wiki mbili tu hapo Pipeline, alale kwenye nyumba hiyo, ampeleke shule pamoja nawe, mtoto aone kwamba watu wake wote wanajuana na hakuna aliyeibiwa. Kuna hatari humo pia. Akiondoka mtoto anaweza kuporomoka tena, na mamako anaweza kushika usukani wewe ukabaki mtazamaji nyumbani kwako. Mkubaliane kabla hajapanda treni: akianguka mtoto, nyanya akae, wewe uende. Litamuuma. Naye amebaki na nyumba tupu baada ya miaka yote hiyo, na maneno yake makali kwenye simu nayasikia kama kilio. Mwambie hivyo, umshukuru kabla ya kumwomba chochote.

Simu ningezifungua. Zipangwe Jumamosi mchana, kwa mfano, si usiku kabla ya kulala, na nyanya asimwahidi kwamba anakuja kumchukua. Kulia baada ya kumsikia umpendaye si ugonjwa, na kumnyima sauti hiyo hakumfanyi asahau.

Mume wako naye simwoni kuwa mtu mbaya. Amekosa miaka ya mwanzo ya mwanawe sawa na wewe, na sasa kila asubuhi anambandua vidole mlangoni. Methali yake ni ya kweli, samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mkojo wa mtoto aliyeogopa hautii kiboko, na akiendelea kuchapwa kwa hilo atajifunza kuficha nguo zilizolowa tu. Umwambie hayo saa ambayo hamjagombana. Mpe pia kazi ambayo ni yake na mtoto peke yao. Kituo cha SGR cha Syokimau hakiko mbali nanyi; Jumapili moja wanaweza kwenda kutazama treni, amweleze kwamba inafika hadi Voi na kurudi.

Aprili shule zikifungwa, huenda mkampeleka kumwona nyanya. Mkiamua hivyo, mwambieni mapema kwamba mnaenda na mnarudi, mmwonyeshe nguo na vifuniko vinavyobaki Pipeline vikimngojea, na msibadilishe mpango mkiwa huko hata mamako akilia. Ikiwa uamuzi utakuwa kumwacha Voi, basi uwe umefanywa na nyinyi watatu kabla ya safari, naye aambiwe kabla hajapanda treni. Karo ya muhula wa pili usiilipe hadi mzungumze, wewe na mumeo kwanza, kisha na mamako, mtoto akiwa kwa jirani. Anasikia zaidi ya mnavyodhani.